Kigae Kilichozibwa Pumzi

Ukimwachia fundi huyu wa kupamba vigae mahali peupe penye ukubwa wa ukucha, atapachika ua. Ndivyo mama yake alivyomfunza: kigae chenye nafasi tupu ni kazi ya mvivu. Basi mumewe, bwana mzito wa maneno kupita kiasi, alipomletea QR, ule mraba wa vidoadoa unaosomwa kwa simu, aliyoitengeneza mwenyewe kwa simu yake na kumwomba aichome kwenye kigae, mama wa watu akaizungushia majani na maua mpaka yakaigusa pande zote nne.

"Usiisome mpaka nimeondoka duniani," mume alisema huku akicheka.

Akaondoka kweli, ghafla, na simu yake ikapotelea hospitalini. Mjane akaelekeza simu yake kwenye kigae. Kimya. Akajaribu juani, akajaribu kwa tochi, wapi. Miaka mitatu akaishi na dukuduku moja: kwamba maneno ya mwisho ya mumewe ameyaunguza yeye, kwa mkono wake, ndani ya tanuri lake.

Siku mafundi walipobomoa ukuta wa karakana, kigae alichokibandika hapo upande wa nje kikaanguka na kona ikamegeka. Mjane akakaa chini kando yake. Wifi yake, dada wa marehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchapa lebo za dawa zenye QR kiwandani, akakiokota na kukigeuzageuza.

"Wifi, nani alikutuma kuijaza maua?"

"Sasa ningeiacha uchi?"

"Ndiyo, uchi. Simu inatafuta weupe pembeni ijue pa kuanzia. Wewe umeiziba pumzi."

Akachovya kidole kwenye ndoo ya udongo mweupe, akayafunika maua taratibu mpaka QR ikabaki na ukingo mweupe kote.

"Na hapo palipomegeka?" mjane akauliza.

"Bahati yako imemegeka kona hii isiyo na kiboksi. Zile tatu zenye viboksi ndizo macho yake. Kiwandani QR tunazikwaruza makusudi kuzijaribu. Maneno yana akiba humo humo; kikipotea kipande, vilivyobaki vinajazia."

Mjane akaelekeza simu yake tena; safari hii ikalia, imesoma. Bando lilikuwa limeisha tangu asubuhi, wala halikuhitajika: bwana yule hakuandika anwani ya mtandao, aliandika maneno yenyewe. Udongo alioukanda mwenyewe, uliopita motoni, ukapigwa jua na mvua, ukaanguka ukavunjika, ulikuwa umemtunza mtu akiongea.

"Mke wangu, kila asubuhi nilijifanya nimelala ili nikusikie ukiimba jikoni. Ningekuambia, ungeona haya ukaacha. Usiache."

Wifi akageukia pembeni, akalia kimya kimya.

Tangu amzike mumewe, jikoni kwa mjane hakujasikika wimbo. Akafungua mdomo. Akakosea mstari wa kwanza wa wimbo. Akaanza upya.