Kadi Haishuki Mgodini

Nilimwambia Lonnie asiipeleke ile kadi ofisini. Nilimwambia akiwa anafunga viatu, nikamwambia tena akiwa mlangoni, na kama si baridi ningemfuata hadi garini. Lakini mume wangu ana ugonjwa wa ukweli. Alisikia kwamba kampuni iliyonunua mgodi wetu itawapima mkojo wachimbaji wote upya, akaona heri atangulie yeye kusema.

"Jimbo lenyewe ndilo limenipa kadi, Treva," alisema. "Sijaiba. Najificha nini?"

Kadi ni ya mgonjwa anayetibiwa kwa bangi. Huku West Virginia daktari akikuidhinisha unainunua dukani mbele za watu, mradi usiivute kama sigara. Sheria inataka mafuta, marhamu na vitu vya namna hiyo. Majirani walidhani nyumbani kwetu kunafuka moshi kutwa. Wapi! Lonnie aliweka matone chini ya ulimi baada ya chakula cha jioni, zamu ikiwa imeisha, akakunja uso kwa ladha yake chungu, kisha nikampaka marhamu mgongoni, pale paa la mgodi lilipomwangukia. Starehe yenyewe ndiyo hiyo.

Kabla ya matone kulikuwa na vidonge vya maumivu, vile vikali. Vilimtuliza mgongo, vikamtuliza na mengine yote. Aliacha kuimba kanisani. Aliacha kubishana nami, na kubishana ndiko kulikotukutanisha. Vidonge hivyohivyo vilimuua mdogo wake wa mwisho, Wendell, akiwa ndani ya gari lake nje ya duka la vyakula, injini inanguruma. Kwa hiyo Lonnie alipohamia kwenye matone, akaanza tena kulalamika kwamba maharage yangu hayana chumvi, nililia jikoni kwa furaha. Sioni aibu kusema.

Siku hiyo alirudi kutoka ofisini mapema, akakaa bila kuvua koti.

"Wamesemaje?"

"Wamesema mimi si mhalifu."

"Haya. Na kingine?"

"Kuumwa ruhusa, kadi ruhusa. Ila kadi haishuki mgodini. Mkojo ukikutwa na bangi, hata kama niliitumia wiki iliyopita kitandani kwangu, cheti changu cha uchimbaji kinaondoka."

"Na kazi za juu ya ardhi, hawana?"

"Juu kuna mlinzi mmoja. Na mbwa. Nafasi zote mbili zimejaa."

Tulicheka kidogo, halafu tukaacha.

Jioni akaja Hobert. Hobert ni kaka yake mkubwa na ndiye msimamizi wa zamu yake. Alikaa mezani na kofia kichwani, jambo ambalo mama yao angemchapa kwalo.

"Dogo, hayo matone acha leo," alisema. "Yanachelewa kutoka mwilini. Nitahangaika jina lako liwe la mwisho kupimwa."

"Na mgongo wake, shemeji?" nikauliza.

Hobert akatazama mkate wa mahindi kana kwamba hajawahi kuuona.

"Kuna vidonge."

Nikaweka mwiko chini.

"Vidonge gani?"

"Treva, usinianze. Daktari akimwandikia vidonge, kampuni haina neno. Vikionekana kwenye mkojo anaonyesha cheti cha daktari, yamekwisha. Sheria sikutunga mimi."

"Wendell naye alikuwa na cheti cha daktari."

"Usimtaje Wendell!"

"Nitamtaja! Nyumba ni yangu, mdomo ni wangu. Ulibeba jeneza lake upande wa kichwa, Hobert. Leo unakuja kumrudisha huyu njia ileile, tena unakula mkate wangu?"

"Basi mtaishije? Niambie wewe mwenye mdomo."

"Tuhame. Dada yangu yuko Ohio, huko kuna maghala."

Hapo ndipo Lonnie akasema. "Nikapange maboksi, Treva? Na mgongo huu? Baba alichimba, mimi nachimba. Sijui kitu kingine. Sitaki kufia kwenye maboksi."

"Nani kataja kufa?" nikamuuliza.

Akaacha matone. Nilimchukia kwa hilo, na nilimwonea huruma vilevile. Alipanda ngazi za nyumbani kwa mikono na magoti, akitukana kila ngazi. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikajipa moyo kwamba atavumilia bila dawa yoyote, mkojo utoke safi, halafu tutajua la kufanya. Akitukana, nilifurahi. Mtu anayetukana yupo.

Jioni moja hakutukana. Nilimkuta ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa, anatabasamu, anajikuna pua taratibu. Wendell alikuwa akijikuna hivyohivyo.

"Umemeza," nikasema.

"Kimoja tu, mke wangu."

Nikampakulia maharage ambayo sikuyatia chumvi hata chembe, makusudi. Alikula yote. Akasema ni matamu.

Nilimpigia simu Hobert nikamwambia. Akaniuliza kama daktari ameandika. Nikasema ameandika. Akashusha pumzi, na sijui mpaka leo kama ilikuwa pumzi ya nafuu.

Lonnie akapimwa. Jumapili baada ya kanisa Hobert akaja na keki, meno yote nje. "Safi!" akapiga kelele tangu barazani. "Bangi hakuna hata harufu! Vidonge vimeonekana, daktari kathibitisha, imepita! Kesho anarudi kwenye mashine yake!"

Akamkumbatia mdogo wake. Lonnie naye akamkumbatia, polepole, kama mtu aliye ndani ya maji. Tukakaa mezani. Hobert akaomba, na Hobert akiomba huwa anamtajia Mungu ukoo mzima. Alimshukuru kwa kazi, akamshukuru kwa sheria, akasema amina. Mimi nikasema amina. Tukasubiri ya Lonnie.

Alikuwa amelala. Uma mkononi, kidevu kifuani, midomo imepauka, na kati ya pumzi moja na nyingine palikuwa na nafasi ndefu mno.

"Lonnie," Hobert akaita. Akamtikisa bega. "Dogo. Wee dogo!"

Lonnie akafungua macho nusu, akatabasamu, akayafunga tena.

Hobert akauchomoa ule uma vidoleni mwa mdogo wake, akasogeza sahani ili uso usije ukaangukia kwenye mchuzi. Akamfuta mate kwa leso yake. Nilimsubiri anitazame, na hakunitazama.

"Shemeji," nikasema, "kesho asubuhi utamshusha huyu mgodini?"

Akaikunja leso, akaikunja tena.

"Vyeti vyake vyote viko sawa," akasema.