Mpira wa Chini

Tusifichane, huyu fundi alikuwa na kichwa kikubwa. Kwenye sanduku lake la spana alijiandikia jina kwa rangi nyekundu, Sishindwi, na akiletewa mashine iliyokataliwa na mafundi wenzake alichangamka utadhani kaalikwa arusini. Ndiyo maana shemeji yake alipompigia simu kwamba trekta la nyumbani linachemsha, na pengine limeshakufa, njoo utazame, neno lililomchoma ni hilo la kufa. Alifunga karakana siku hiyo hiyo akaenda.

Shemeji huyo ndiye mume wa dada yake. Trekta lilikuwa lake yeye na kaka yake mkubwa, mzee ambaye wote walimwita Radi kwa sababu ya sauti yake. Kuukuu, lakini la nguvu. Msimu uliopita lilipinduka kwenye shamba la mteremkoni na kumlalia mtoto wa pekee wa dada, kijana aliyekuwa anajiandaa kuoa. Fundi ndiye mjomba aliyemfundisha kushika spana, na ndiye aliyesaidia kumtoa chini ya gurudumu. Baada ya mazishi trekta likafunikwa turubai uani.

Sasa mvua zilikuwa karibu na Radi alikwisha kata shauri. Mteremko ndio unaowalisha, basi ulimwe, na wa kuulima ni baba wa marehemu, maana Radi mwenyewe macho yake yalikwisha kazi. Shemeji hakubisha. Tangu utoto hakuwahi kumbishia kaka yake, na mtu wa namna hiyo hajifunzi ukubwani. Lakini kila alipoliwasha, halijafika hata langoni, mshale wa joto unapanda, mvuke unafoka, naye analizima na kulirudisha, huku Radi akitukana mbingu na ardhi.

Fundi alivaa nguo za kazi akamrushia shemeji utani wao wa siku zote, kwamba dada wa watu kaibiwa na mtu asiyejua hata kumwagia trekta maji. Shemeji hakucheka. Alijibu maswali kwa mkato, kisha akaenda kuketi kwenye ngazi ya stoo, mikono katikati ya magoti.

Kazi ikaanza. Fundi alingoja injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta: maji yamejaa, safi. Matundu ya mbele hayana nyasi wala vumbi. Alibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, umekaza sawasawa. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua vidoleni. Nyeusi tu, haijageuka maziwa, kwa hiyo maji hayaingii kwenye oili. Akafungua themostati, kile kijilango kinachoyaachia maji yakishapata moto, akamwomba dada sufuria ya maji yanayochemka. Alipoitumbukiza ilifunguka palepale, bila ubishi.

Dada aliishika ile sufuria akiwa amelipa trekta mgongo. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, ni lazima lipone?"

Fundi alicheka, akamjibu kwamba yeye mgonjwa hajawahi kumwacha njiani. Loo, mtu na sifa zake!

Alirudisha themostati, akawasha, akaiacha injini ipate moto. Kisha akagusa mipira miwili ya rejeta, ile inayopitisha maji kwenda na kurudi kwenye injini. Wa juu ulitaka kumbabua. Wa chini ulikuwa baridi kama maji ya mtungini. Hapo akajua kuna kitu kimeziba njia. Alizima, akasubiri, akalegeza klipu na kuyaacha maji yamwagike, akaingiza koleo ndani ya mpira. Likatoka furushi la kitambaa.

Lilikuwa limekunjwa vizuri na kufungwa kwa waya, na ncha ya waya imebanwa chini ya klipu ili lisivutwe likaharibu pampu. Alilikunjua. Mkono wa ovaroli ya buluu, karibu na kifungo pana tundu lililoliwa na asidi ya betri. Ovaroli hiyo aliinunua yeye, akampa mpwa wake siku alipofumua injini na kuiunganisha peke yake.

Dada, alijisemea. Ni dada huyu. Alimwonea huruma hadi machozi yakamlenga, akakisokomeza kitambaa mfukoni. Na bado, haki ya nani, mikono yake ikaendelea na kazi. Akarudisha mpira, akakaza klipu, akajaza maji, akawasha. Alijiambia atazungumza na dada baadaye. Ukweli ni kwamba asingeweza kuiacha injini imshinde na dawa anaijua. Mshale ulipanda ukafika katikati ukatulia.

Radi alitoka ndani na fimbo yake. "Limepona!" fundi alimpigia kelele. Mzee alimshika mkono kwa nguvu, akaamuru plau ifungwe saa hiyo hiyo.

Fundi alimfuata dada jikoni, akamwonyesha kile kitambaa. Alimwambia amemwelewa, hatamwambia mtu. Dada alikichukua akakiweka puani muda mrefu.

"Mimi? Huo mpira hata sijui uko wapi," alisema. "Ovaroli ilikuwa imetundikwa chumbani kwa mwanangu. Ufunguo wa chumba kile anao baba yake."

Hapo fundi akakumbuka. Ule waya! Mwenye chuki na trekta angelitia mchanga kwenye oili. Huyu alilisimamisha bila kuliumiza, na hapa nyumbani mwenye kulijua hivyo ni mmoja tu. Kumbe hakuitwa kulitibu. Aliitwa atamke mbele ya Radi kwamba limekufa, kwa sababu baba wa watu hakuwa na ubavu wa kusema naogopa.

Alitoka mbio. Shemeji alikuwa ameshika usukani, mguu mmoja kwenye kikanyagio, mwingine bado chini. Fundi akapaza sauti kwamba lizimwe, kichwa cha injini kina ufa, litaua mtu. Radi alitega sikio, wote wakatega. Injini ilinguruma sawasawa kama siku iliponunuliwa.

"Wewe mwenyewe umesema limepona," Radi alisema. "Ufa gani?"

Fundi alitafuta uongo mwingine, na kila aliouokota injini iliukanusha. Akasema basi atalima yeye. Radi akamuuliza amewahi kulima lini, hata hiyo tambarare.

Shemeji alimtazama bila hasira.

"Acha, shemeji. Umeshalitengeneza," alisema. Kisha akaongeza taratibu, "Ningekuambia. Niliona haya."

Akapanda. Dada alikuja akasimama karibu na fundi, mkono wa ovaroli umebanwa kifuani, na wote wawili wakasikiliza trekta likiukwea mteremko. Fundi, yule Sishindwi, aliomba lichemshe, likohoe, lizime. Halikuzima.