Meli Iliyokwanguliwa Rangi

Kwa maelezo ya jirani yao, yule ambaye nyumba nzima ilimwita Redio, mzee kachanganyikiwa. Alisema amemwona kupitia dirishani, kaipakata ile meli yake ndogo ya mbao, anaiparua kwa kisu kama anayeparua samaki, huku akiitukana. Akaongeza, maana Redio hakosi cha kuongeza, kwamba mzee ameapa kuitupa mlangoni kwa mdogo wake aondoke na mkosi wake.

"Mimi simo," alimalizia, akianika shuka. "Nilifuata vibanio vyangu vya nguo tu. Baba yako kavimaliza vyote kubania vibao."

Binti aliitikia tu, akajitwika ndoo pale bombani, pembeni mwa ua. Hakukimbia, ila maji yalimmwagikia njia nzima.

Ugomvi wa baba na baba mdogo haukuwa siri. Baba alikuwa fundi rangi, mdogo wake seremala, na milango yao ilitazamana uani. Zamani walitengeneza meli za kuweka kabatini: mdogo anaunda mbavu na kuzivika vibao, mkubwa anapaka. Ya mwisho, mdogo aliomba iachwe mbao tupu, kwa kuwa vibao vilikutana hata ukucha haupiti kati yake. Baba aliona ni aibu kuacha kazi bila rangi. Kulipokucha meli ilikuwa nyekundu na nyeusi, inang'aa, na wageni wakasifu rangi.

"Umenizika mzima mzima, kaka," alisema mdogo mtu.

Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa binti. "Muulize baba yako kama anao msumeno wangu." "Mwambie baba yako mdogo msumeno hauna miguu, aufuate mwenyewe." Na wote wawili wamesimama pale pale uani, wanasikiana vizuri kabisa.

Sasa baba mdogo alikuwa anahama. Mwanawe aliyeko mbali alimwita wakaishi pamoja, na basi lilikuwa la kesho asubuhi. Habari ya kuhama ilipofika tu, wiki chache nyuma, baba alianza meli mpya peke yake. Alisema ni zawadi ya safari, baadaye akasema si zawadi. Binti alielewa. Mzee alitaka kisingizio cha kubisha hodi kwa mdogo wake.

Lakini aliivika vibao kama anavyopaka ukuta: upande mmoja mpaka uishe, ndipo uhamie wa pili. Binti alikuwa amemtazama sana baba mdogo kazini. Yeye alipachika kimoja kulia, kimoja kushoto, ili mbavu zivutwe sawa. Alitaka kusema, na kila alipofungua kinywa baba alimtuma maji ya moto ya kulainishia vibao. Gundi ilipokauka, mkuku, ule mti wa chini unaobeba mbavu, ulikuwa umejipinda. Ukiiweka meli mezani inaegemea upande mmoja kama mtu anayetegea umbea. Baba akaziba nyufa kwa puti, akapaka rangi tabaka juu ya tabaka. Ikapendeza. Ikabaki imepinda.

Binti alimkuta kaketi sakafuni. Hakuwa anatukana, alikuwa anakohoa vumbi la rangi. Meli ilibaki mbao tupu, nyufa zote nje.

"Baba, si ilikuwa imependeza?"

"Ilipendeza. Ila baba yako mdogo angeuona mpindo kwa jicho moja tu. Sasa ile rangi ilikuwa ya kumficha nani?" Akapuliza vumbi. "Nenda kamwambie baba yako mdogo..."

Akakwama hapo. Kupeleka maneno binti alikuzoea, ila safari hii hakutaka.

"Miguu inaniuma, baba," alisema, kasimama wima, katoka bombani sasa hivi.

Baba alimtazama, akacheka kwa pua. Akainuka, magoti yakilia, akaikumbatia meli na kuvuka ua. Redio aliacha shuka lining'inie upande mmoja.

Baba mdogo alikuwa mlangoni, anafunga sanduku la vifaa kwa kamba. Hakuinua uso mpaka kivuli kilipomfikia. Baba akaiweka meli juu ya sanduku. Ikaegemea.

"Ulimaliza upande mmoja kwanza," alisema baba mdogo.

"Kama ukuta."

"Kama ukuta," alirudia, na kicheko kilimfika mdomoni akakimeza. Akaichukua, akapitisha kidole gumba juu ya nyufa taratibu. Palipobaki puti aliichokoa kwa ukucha.

"Mdogo wangu," alisema baba, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko binti alivyowahi kuisikia. "Mabasi yapo kila siku. Subiri hata kidogo, unionyeshe. Tuibomoe, tuanze upya. Rangi sitaigusa mpaka useme wewe."

Kamba ya sanduku ilikuwa imefungwa nusu, naye hakuigusa tena. Baba mdogo aliigeuzia meli kwenye mwanga, akafumba jicho moja, akawa anautazama mkuku kutoka ncha hii mpaka ncha ile.