Viatu Vilivyotazama Ukuta wa Nyuma

Jumatatu asubuhi fundi viatu alifungua stoo, akawasha taa, akakuta viatu vyote vya kwenye rafu vimegeuka. Ijumaa alivipanga kwa mkono wake, ncha zikitazama mlango. Sasa vilitazama ukuta wa nyuma, upande wa mashariki, isipokuwa jozi arobaini za ngozi nyeusi alizozishona yeye. Hizo zilitazama meza yake.

Alidhani ni mtu. Alimwangalia mlinzi, mlinzi naye akamwangalia yeye. Akavirudisha, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Baada ya chakula cha mchana vilikuwa vimegeuka tena.

"Usitafute mchawi," alisema Mama Gundi, anayembandikia soli. "Vinatazama kwao."

Hakuna aliyebisha. Karakana nzima ilijua kwamba viatu vile hutoka nchi ya mashariki vikiwa vimekamilika, na wafanyakazi huvitia kamba tu na kuvigonga muhuri wa karakana. Kilichomkera fundi ni kingine. Mwenye karakana, mtoto wa dada yake, alikuwa mpole mno wiki hiyo. Alimletea chai mezani mara mbili. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumletea hata maji.

Alhamisi mpwa akaja na fomu. Alieleza kwamba kuanzia tarehe mosi, mpaka wa magharibi utapitisha bila ushuru viatu vilivyotengenezwa hapa tu, na kila mzigo uwe na cheti cha uasili chenye saini ya aliyevitengeneza.

"Mimi mfanyabiashara, Mjomba. Fundi ni wewe."

"Na ikigundulika ni uongo, anafungwa nani?"

"Nani amesema uongo?"

"Nimeuliza anafungwa nani."

Mpwa alitazama rafu. "Aliyetia saini. Lakini usipotia, mwezi ujao nafunga karakana. Huyu Mama Gundi na wenzake waende wapi?"

Mama Gundi hakuinua kichwa. "Mimi usinifanye ngao, baba. Mjomba wako ana akili zake."

Fundi alivuta fomu. Penye idadi aliandika 40. Akatia saini, akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake alikuja afisa wa forodha kukagua. Alipita kati ya rafu, akageuza kiatu kimoja kwa kidole. Kikarudi taratibu. Akageuza kingine. Kikarudi.

"Vyote viko hivi?"

"Isipokuwa arobaini," alisema fundi.

Afisa alipekua kurasa zote nne za fomu. "Wanataka rangi, saizi na uzito. Mwelekeo hawaulizi."

Kisha akaiona ile 40. Alichungulia lori lililosubiri nje, akamtazama mpwa, mpwa akatazama dari. Afisa akatoa kalamu yake na kuongeza sifuri mbili, ili karatasi ilingane na mzigo.

"Sikuandika hivyo," alisema fundi.

"Saini hii si yako?"

"Ni yangu."

"Basi, mzee wangu." Akagonga muhuri.

Lori lilipopakiwa, katoni zote ziliteleza hadi nyuma, upande wa mashariki, na magurudumu ya mbele yakaanza kuinuka. Dereva alisema tu kwamba mzigo wa namna hiyo unataka kamba mbili zaidi, na kwamba mlimani atakwenda polepole. Fundi alimshikia kamba akifunga, kwa sababu wengine walikuwa wameshatoka kazini.

Wiki iliyofuata alikuta mezani fomu ya mzigo wa pili. Jina lake lilikuwa limechapwa, na idadi imejazwa. Saini nayo ilikuwepo. Aliisogeza dirishani, akaikagua kwa muda mrefu. Ilifanana na yake, ila ilikuwa imenyooka zaidi.