Ndege Inakula Ndagala

Mariyamu alipanga viti vya plastiki uani, safu mbili, akaacha njia katikati. Akamketisha mwanawe Aisha mbele na kumfunga kitenge kiunoni ili auzoee mkanda. Akampitishia maji ya matunda ya marakuja kwenye sinia, na pipi ya kunyonya masikio yasizibe. Baba yake, Shafii, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kutoka Ubelgiji: safari ya kwanza ya ndege, mutoto asiisahau maisha yake yote.

Tikiti alituma moja. Kadidja, mke mkubwa, alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye kichanja nyuma ya nyumba, na roho ilimuuma haswa. Hidaya wake na huyo Aisha walizaliwa mwaka mmoja, baba mmoja, pua ileile. Hidaya alikuwa ameketi kiti cha nyuma bila mkanda, maana kitenge kilikuwa kimoja.

Mchezo ulipokwisha Aisha akaja kichanjani. Shuleni, kwa Kirundi, ndege wa manyoya ni inyoni na ndege ya abiria ni indege. Nyumbani, kwa Kiswahili, zote ni ndege, na hapo ndipo mtoto alipochanganya mambo.

"Mama mukubwa, ndege inakula nini?"

Kadidja angeweza kumwambia ukweli, lakini wivu ukamtangulia.

"Ndagala. Bila ndagala haiondoki. Leta sakoshi yako."

Alitaka mtoto anuke mbele ya Wazungu, basi. Akamjazia mwenyewe, kwa mikono miwili.

Siku ya safari, gari la kwenda Bujumbura lilichelewa, kwa hiyo ndege ikaja yenyewe kwao Rumonge. Ilitua mwaloni, kando ya ziwa, asubuhi, ikakunja mabawa, ikatembea taratibu hadi nyuma ya nyumba na kuanza kula kichanjani. Wanawake waliifukuza kama wanavyofukuza kuku, kisha wakachoka. Lukeba, mvuvi Mkongomani wa jirani, alivuta nyavu zake pembeni isizikanyage.

"Iko na njaa," alisema. "Imetoka mbali."

Kadidja hakuifukuza. Alimwogesha Hidaya haraka, akampaka mafuta, akamvika gauni la Idi. Ndege ilikuwa inakula ndagala za nani, kwani? Iliposhiba mlango ukafunguka, akashuka mhudumu mwenye skafu shingoni, akikung'uta magamba viatuni.

"Mtoto wa Shafii," akaita.

Watoto wote wawili wakanyoosha mikono. Mhudumu akawatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Yule aliyetumiwa tikiti."

"Iko huyu," Mariyamu alisema, akimsukuma Aisha mbele. Hakumtazama mke mwenzake.

Aisha akapanda na sakoshi yake. Mlangoni aligeuka akapunga mkono.

"Murakoze, mama mukubwa. Imekula kweli!"

Kadidja aliitikia kwa kichwa, maana watu walikuwa wanatazama. Shukrani hiyo ilimchoma kuliko tikiti yenyewe. Ndege ikapiga mabawa, ikakata ziwa kuelekea upande wa Congo. Lukeba akarudisha nyavu zake, Mariyamu akaanza kukusanya viti vilivyokuwa bado uani. Kichanjani hapakubaki hata dagaa mmoja.

Hidaya alikuwa bado amesimama palepale na gauni lake la Idi.

"Mama," akauliza, "na baba, yeye anakula nini?"

Kadidja alikuwa amempikia mtu yule miaka na miaka. Akachukua beseni, akashuka mwaloni kutafuta ndagala nyingine.