Mtaro Chini ya Sakafu

Kreni ilifika kwenye lango la ghala lililokuwa likijengwa Uthiru saa mbili na nusu asubuhi. Haron, msimamizi wa mafundi, akaizuia isiingie.

"Ngoja kwanza," alimwambia dereva wa kreni, Mutie. Kisha akampigia simu Injinia Pramila, ambaye alikuwa bado ofisini mjini.

Kuta za zege za ghala lile zilikuwa zimemwagwa zikiwa zimelala juu ya sakafu yenyewe. Siku hiyo kreni ilikuwa ipande juu ya sakafu hiyo hiyo, iziinue moja moja na kuzisimamisha. Zege lilikuwa limepimwa na kuonekana limekomaa, na Pramila alikuwa ameshatia sahihi kwamba sakafu ingeibeba kreni.

"Madam, kuna kitu sikukuambia," Haron alisema. "Ule mtaro wa bomba chini ya sakafu, uliniuliza kama tuliushindilia, nikasema ndio. Hatukushindilia. Mvua ilinyesha, mashine ikakataa kuwaka, na lori za zege zilikuwa zimeshafika. Tulijaza udongo tu tukamwaga zege juu."

Pramila aliuliza, "Mbona unaniambia leo?"

"Nilijiambia kwamba mizigo ya kawaida haitasumbua. Sasa nimeiona hii kreni. Ikiinua ukuta, uzito wote utaegemea mguu wake mmoja wa chuma, na mguu wenyewe utakaa juu ya mtaro. Mutie atakuwa ndani."

Pramila alifika baada ya saa moja. Hakugomba. Aliagiza sakafu itobolewe pale mtaro ulipopita. Tundu lilipopatikana, Haron akapiga magoti na kuingiza mkono. Ulizama hadi kwenye kiwiko kabla ya kugusa udongo. Pramila naye akapiga magoti, akaingiza wake.

Mwenye jengo, Amirali, aliwakuta hapo.

"Nani alisema pako sawa?"

"Mimi," Pramila alijibu. "Sahihi ni yangu."

"Mimi ndiye niliyemdanganya," Haron akasema.

Amirali aliwatazama wote wawili, kisha akachungulia tundu. "Siku ngapi?"

"Wiki tatu, tukivunja na kumwaga upya," Pramila alijibu.

Amirali aliondoka bila kuaga. Jioni aliagiza Haron avuliwe usimamizi. Kama anataka kubaki, abaki fundi wa kawaida.

Haron alikuwa akikusanya vifaa vyake Pramila alipomjia.

"Siku ile ya kumwaga zege ningeweza kuja kuona mwenyewe," alisema. "Niliangalia matope nje ya dirisha la gari, nikakupigia simu badala ya kushuka. Hilo pia nimeliandika kwenye ripoti."

Haron aliviweka vifaa chini. Alikuwa amengoja matusi tangu asubuhi.

"Utabaki?" Pramila aliuliza.

"Nitabaki. Lazima huo mtaro niushindilie mwenyewe."

Aliushindilia kwa siku mbili, tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka Pramila alishuka mtaroni kulipima. Zege jipya lilipokomaa, Mutie aliingiza kreni, akakanyagisha mguu wa kreni juu ya mtaro, akainua ukuta wa kwanza. Ulipanda polepole ukasimama wima. Sakafu haikutikisika.

Mafundi walishangilia. Haron aliikagua sakafu pale mtaro ulipopita, halafu akaenda kushika nguzo za kuegemeza ukuta pamoja na wenzake.