Legeza Mkono, Mama

…na wala hajui binti huyu kwamba ananirudishia maneno yangu mwenyewe, "Legeza mkono, Mama, legeza, niachie mimi," miaka thelathini na moja nimeyasema hayo kwenye meza hii hii, nimewaambia wezi, nimewaambia walimu, nimewaambia mabibi harusi waliokuwa wanakwenda kuolewa ng'ambo, nimewaambia wanaume walioletwa na pingu, legeza mkono, niachie mimi, maana ukikaza wino unatapakaa na mistari inashikana, na huyu nimemfundisha mimi, alikuja hapa hajui tanzi wala tao wala mzunguko, maumbo ya mistari ya vidole, leo ndiye mkuu wa meza, ameshika gumba langu la kulia kama ameshika yai, analiviringisha kwenye kioo chenye wino, kisha kwenye kadi, kuja mwilini, vizuri mwanangu, gumba huja mwilini, vidole vingine huenda nje, hujasahau, na alama imetoka safi… kompyuta ipo pale pembeni na kijitaa chake cha kijani lakini watu wa ubalozi hawaitaki, wanataka wino, wanataka kadi ya vidole kumi yenye muhuri, wakakae nayo huko kwao waangalie kama bibi kizee anayekwenda kustaafu kwa binti yake aliwahi kuiba kuku… na pale kwenye benchi mzee wangu ameiwekea simu sauti ya juu, huyu akishika simu hana siri, korido nzima inamsikia yeye na wakala wa viza, "Barua ya pensheni tunayo, bima ya afya tunayo, cheti cha daktari tunacho, hiki cha polisi ndicho kilichobaki, mimi nimeshachukuliwa vidole, sasa ni zamu ya mke wangu," halafu anakohoa, kile kikohozi chake cha rangi, miaka yote ile ya kupulizia rangi magari ya watu bila hata kitambaa puani, nilimwambia, nikamwambia tena, sikio la kufa halisikii dawa, na sasa daktari ametamka wazi mbele yangu, mama, mpeleke kwenye hewa kavu, msimu mwingine wa mvua hapa sikuahidi… "Na kiwe safi, mzee," wakala anasema kwenye simu, "kisiwe na doa hata moja, kule wanachimba mpaka mzizi," na mzee wangu anacheka, anacheka mpaka kikohozi kinamkatiza, "Mke wangu? Ndugu yangu, huyu ndiye aliyekuwa akiwachimba wenzake! Hana doa hata la chai!"

Hata la chai… kidole cha shahada sasa, kwenda nje, taratibu, na fomu nimeijaza jana pale mezani jikoni, kurasa tisa, je, umewahi kukamatwa, hapana, je, umewahi kushtakiwa, hapana, je, umewahi kufungwa gerezani katika nchi yoyote, hapana, kalamu ikateleza vizuri tu kwenye visanduku vile, sikuandika uongo hata mmoja, kwa sababu hakuna kisanduku kinachouliza, je, umewahi kumfunga mtu… nyamaza wewe, hayo yalishakwisha, yaliyopita si ndwele, ndivyo wasemavyo wasiokuwa na ndwele… "Mama una bahati umekuja leo," binti anasema huku anafuta kioo, "Ijumaa makabati yote haya yanaondoka, kadi zote zinaingia kwenye mashine," na kwa kidevu ananionyesha nyuma yake, makabati yangu ya chuma, droo arobaini na nane, nazijua mpaka zile zinazogoma kufunguka ukiwa na haraka, nami nauliza, kwa nini nauliza, mdomo wangu huu, "Na kadi zilizokaa droo isiyo yake?" "Ah, hizo mashine inazikataa, Mama. Ikikuta mzunguko kwenye droo ya matao inasema kosa. Tunazitia kwenye gunia, zinakwenda kuchanwa. Nani ana muda wa kuzipanga upya? Wewe tu ungeweza, Mama Darubini, na wewe ndiyo unatukimbia." Anacheka. Mama Darubini, jina langu la ofisini, kwa ajili ya kile kioo cha kukuzia nilichokuwa nakifunga jichoni… gunia. Kwenye gunia. Ijumaa.

Droo ya kumi na saba, matao, watu wenye matao ni wachache, inaweza kukaa wiki tatu haijaguswa, ndiyo maana niliichagua, na kanuni ya kwanza niliyomfundisha huyu binti ni hiyo hiyo, kadi ukiichoma utaacha majivu na mtu atauliza, lakini kadi ukiiweka pasipo pake umeizika na kaburi halina alama, nilimwambia ili awe mwangalifu, sikumwambia nilijuaje… "Kidole cha kati, Mama, mbona baridi hivi?" "Uzee, mwanangu," nasema, uzee, mwongo mkubwa we… alikuja mwenyewe yule, fundi kufuli, hakuletwa na mtu, kwa sababu mafundi kufuli wote walitakiwa watoe vidole ndipo wapewe leseni, wenzake nusu walipuuza, yeye akaja na shati limepigwa pasi, nikamwambia legeza mkono, niachie mimi, na akalegeza, sijawahi kushika mkono mlegevu kama ule, watu wote hukaza kidogo hata wasio na kosa, yeye aliniachia kabisa, halafu akaona kabati langu linagoma akatoa bisibisi mfukoni akalitengeneza bure, "Usijali dada, kazi ndogo hii"… kabati hili hili… na mwaka mmoja baadaye duka la dawa likavunjwa, mlinzi akauawa, kukabaki alama moja ya kidole kwenye kioo cha dirisha, nami nikakaa nayo tangu asubuhi, mzunguko, kovu dogo limeukata katikati, na kadi ya fundi kufuli nayo ina mzunguko na kovu, nikahesabu mahali zinapolingana, kumi na mbili ndiyo kanuni yetu, nikapata tisa, nikarudia, tisa, na mkuu wetu, tuliyemwita Hainabaraka kwa jinsi alivyopenda haraka, amesimama nyuma ya shingo yangu, "Ni yeye au si yeye? Waandishi wa habari wako mlangoni," halafu simu ya shule, mtoto amepandwa na homa, anatetemeka, njoo sasa hivi mama, njoo, na mtoto mwenyewe ni yule yule binti yetu, miaka sita, ndiye huyu anayetungojea leo huko kwenye hewa kavu na chumba keshakipaka rangi… nikaangalia tena, zile tatu zilizobaki nikazitaka, na jicho likitaka kitu hukiona, nikatia saini, ni yeye, nikatoka mbio. Jioni ile homa ikashuka, mtoto akaomba maziwa, akanywa, akalala.

Na ningekoma hapo ningesema nilikosea, mtu ni mtu, kukosea kupo… cha pete, ee, cha pete, kwenda nje… mahakamani nilisimama kwa sauti ya mwalimu wa watoto, hakimu akauliza, una hakika, mama, nikasema, mheshimiwa, vidole havisemi uongo, na kweli havisemi, aliyesema ni mimi, na fundi kufuli alikuwa ananitazama, hakunitazama kwa chuki, hilo ndilo linaloniua, alinitazama kama mtu anayesubiri dada yake amalize kuzungumza halafu amtetee… kifungo cha maisha. Halafu miaka minne, nimeshapandishwa cheo, nina ufunguo wangu, ikaletwa kadi ya mwizi wa nyaya aliyefia mahabusu, kadi ya kawaida tu, nikafunga kioo jichoni, kidole cha shahada cha kulia… sikuhitaji hata kuhesabu. Lile kovu. Lile kovu lenyewe la dirishani, nililijua kama unavyomjua mtu kwa kukohoa kwake, lakini nikahesabu, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, nikaacha kuhesabu kwenye kumi na sita. Na niliketi. Chai yangu ilipoa. Nikawaza, nikisema hili, kila kesi niliyowahi kusimamia itafunguliwa, mamia, watasema Mama Darubini kumbe kipofu, cheo kitakwenda, mtoto yuko darasa la nne, mzee wangu karakana yake imefungwa, nikawaza hayo yote kwa muda mfupi kuliko huu, nikainuka, nikavuta droo ya kumi na saba niizike humo kadi ya mwizi, ikafunguka laini, maana kufuli yake ilitengenezwa na fundi hodari.

"Cha mwisho, Mama, halafu mkono wa pili," na mkono wa pili nao anauanza, gumba, shahada, anafanya upesi sasa, ana watu wanamsubiri nje… dada yake. Dada yake fundi kufuli, kila mwaka, mama yao alipokuwa hai walikuja wawili, baadaye akaja peke yake, na ule mfuko wake wa plastiki wenye karatasi za rufaa, anasimama kwenye dirisha la mapokezi, "Dada, naomba tu mtazame tena, mara moja," na wengine walimfukuza, mimi nilimvutia kiti, nilimpa maji, nikamwambia jalada limefungwa dada yangu, na siku moja akanishika mkono akasema, "Mungu akulipe, wewe peke yako ndiye unayenisikiliza." Mungu akulipe! Usiku mzuri nimelala baada ya siku ile, nimelala kama gogo, mimi, huyu huyu, ndiyo sura yangu hiyo, na mtu akiniuliza kwa nini nilimvutia kiti nitasema nini, nilimvutia ili asiende dirisha lingine… miaka ishirini na nne. Alikuwa na thelathini na moja alipoingia. Mikono ile haijashika ufunguo miaka ishirini na nne… na Ijumaa gunia, mashine inachana, kisha hata nikitubu kwenye kitanda cha kufa itakuwa kelele za bibi kizee, picha ya ile alama ya dirishani bado imo kwenye jalada, kadi ya mwizi ndiyo pekee inayoweza kusimama kando yake, bila ile hakuna… "Nyumba yenyewe ina baraza?" mzee wangu anauliza kwenye simu, "Jua la asubuhi linapiga barazani? Daktari amesema jua la asubuhi," anakohoa, anakohoa tena, anatema kwenye leso, anaikunja haraka akidhani simwoni, nakuona baba, nakuona, miaka thelathini na tano nakuona, na nikifungua mdomo huu hakuna cheti, hakuna viza, kuna mimi na kesi ya kudanganya mahakama, na wewe huendi bila mimi, nakujua, utakaa hapa na mvua na ukaidi wako mpaka kifua kifunge… ni mtu wangu kwa mtu wa watu, basi, ndiyo hesabu yenyewe, na mara ya kwanza nilichagua wangu, na ya pili nikachagua wangu, na alinitengenezea kabati bure.

"Mama, mbona unakaza? Legeza," na kimebaki kidole kimoja tu, cha mwisho cha kushoto, kadogo haka, nusu ya pumzi na nitakuwa safi, itatoka karatasi yenye muhuri, hana rekodi yoyote, na itakuwa kweli, itakuwa kweli tupu, mashine haina doa langu, ubalozi utachimba mpaka mzizi na hautakuta kitu, kwa sababu mzizi uko kwenye droo nyuma ya mgongo wa binti huyu, hatua tatu, na yeye alilegeza, yeye aliniachia kabisa, na mimi hapa siwezi hata kulegeza kadole… "Aa, Mama! Umeteleza!" Kumbe. Kadi ina mchirizi mweusi kuanzia kidole cha mwisho mpaka juu ya alama zote kumi, miaka thelathini na moja sijawahi kuharibu kadi, binti anaitazama halafu ananitazama, hana hasira, anacheka kwa kunionea huruma, "Wewe wa kukaza mkono, Mama Darubini? Haidhuru, nachukua nyingine, tunaanza upya, gumba la kulia," na mzee wangu kule anasema, "Bado kidogo tu, ndugu yangu, wanamalizia," na feni inazunguka, na kioo kimetiwa wino tena, na mkono wake uko wazi mbele yangu unasubiri gumba langu kama ulivyosubiri mwanzo, nami nautazama, nisamehe baba, jua la asubuhi, nisamehe…

"Tuanze upya, mwanangu," nasema, "lakini si kwa gumba langu. Fungua droo ya kumi na saba."